Kidude cha Kijapani na tochi za njia ya Segera

Magari ya Japani huja na wanawake ndani yake. Wa kwanza yumo kwenye kile kifaa cha kulipia barabara za kwao. Ukiwasha swichi tu anakulalamikia kwa adabu zote kwamba hujaingiza kadi. Huyo Tanga nzima inamjua, watoto wanamwigiza. Wa pili ni adimu. Anakaa kwenye kiboksi kilichobandikwa juu ya dashibodi, chenye kioo kidogo cha rangi, na kabla hajasema neno hulia kwanza, pii-pii-pii, halafu ndipo anaanza kueleza. Huyu wa pili ndiye anayeniletea maswali, kwa sababu huko vijiweni watu wameambiana kwamba anaona tochi, vile vifaa vya trafiki vya kupimia mwendo.

Mie ni fundi umeme wa magari. Kibanda changu kipo Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Ugali wangu unatoka kwenye redio. Redio za magari ya Japani huishia masafa ya 90, zile mpya 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Gari likishuka melini lazima lipite kwa mtu kama mie ndipo mwenyewe asikie taarabu na mpira. Nikishafungua dashibodi, swali linakuja: "Shekhe, na hiki kidude je? Kinaruhusiwa?"

Nimechoka kulijibu huku nimeuma bisibisi. Leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kidude chenyewe ni kigundua rada. Kampuni za Yupiteru na Cellstar zinavitengeneza, na Japani mtu anavinunua dukani mchana kweupe, kwani dereva wa kule hakatazwi kuwa navyo. Ndani mna mambo mawili: sikio la kusikiliza mawimbi ya rada, na GPS yenye orodha ya kamera za barabarani za Japani, wenyewe wanaziita Orbis. Hiyo GPS ndiyo yenye akili nyingi, na ndiyo isiyo na kazi ikifika huku. Kamera za kwao inazijua kwa majina, lakini Pongwe na Hale, za njia yetu ya Tanga kwenda Segera, hazimo. Hata saa yake inabaki ya Tokyo, saa 6 mbele yetu. Unaingia garini saa nne asubuhi, yenyewe inakuonyesha saa kumi jioni.

Linabaki sikio. Hapa ndipo niwaombe subira kidogo, maana ndipo watu wanapoibiwa pesa.

Rada ya polisi ni mawimbi ya redio. Askari anayarusha, yanagonga gari, yanarudi yakiwa yamebadilika kidogo, na kwenye mabadiliko hayo ndimo inamosomwa spidi yako. Christian Doppler wa Austria aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842 akizungumzia mwanga wa nyota, hana habari na Noah wala Coaster. Polisi wa Marekani walianza kuijaribu barabarani mwaka 1947, huko Glastonbury katika jimbo la Connecticut. Ili rada ikupime, wimbi lazima liende na lirudi. Kigundua kinahitaji liende tu. Kwa hiyo kinaweza kulisikia ukiwa bado mbali, kabla mwangwi wako haujapata nguvu ya kumfikia askari. Masafa yenyewe yanajulikana: kuna ya gigahezi 10.525, kuna ya 24.150, na kuna kundi la kuanzia 33.4 hadi 36. Kidude kinazunguka humo kikitega sikio.

Sasa tazama mkononi mwa trafiki wa njia yetu. Zile tochi zinazopiga picha, ambazo picha inatumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, halafu unasimamishwa na mtu ambaye hata hakukupima, hizo ni za leza. Mwale wake ni wa nanomita 900 na ushei, macho hayauoni, na redio haiwezi kuusikia kwa kuwa si wimbi la redio. Rada inamwaga mawimbi barabara nzima, kila mtu anapata chake. Leza inachagua gari moja. Katika umbali wa mita 300 mwale huo unakaribia upana wa mita moja, askari anaulenga kwenye pleti ya namba au kwenye taa, na hesabu inaisha haijatimia nusu sekunde. Kuna vigundua vyenye jicho la leza, sikatai. Lakini kiboksi kimekaa juu nyuma ya kioo cha mbele, mwale uko chini kwenye namba. Mara nyingi hakiguswi kabisa. Kikiguswa kikalia, hiyo ni taarifa ya msiba: marehemu ameshazikwa, wewe ndiyo unapigiwa simu.

Mbona basi watu wanaapa kwamba kinafanya kazi? Mwalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni, mwenye Forester, alinijia amefurahi. "Fundi, kimelia! Pale mjini kimelia, na kweli trafiki alikuwepo." Shikamoo zilikuwa zimeshapita, nikamuuliza kwa heshima, "Mwalimu, na pale ulipokuwa hapakuwa na mlango wa kioo unaofunguka wenyewe?" Akafikiri. Ulikuwepo, wa benki. Vihisi vya milango ile vingi vinatumia masafa ya gigahezi 24, mtaa mmoja na rada. Magari mapya yenye kihisi cha kuangalia pembeni nayo mengi yamo humohumo. Kidude kilikuwa kinamtangazia mwalimu mlango. Trafiki yeye alikuwa pale anaongoza magari, mikononi hana hata karatasi.

Mwalimu hakukubali. Alisema kinga ni kinga. Nikamrudishia dashibodi yake kama ilivyokuwa, tukaagana vizuri.

Haya, sheria.

Ukisoma ya wenzetu utaona dunia haijakubaliana hata kidogo. Marekani, ambako vitu hivi vilishamiri baada ya serikali kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa mwaka 1974 kwa sababu ya shida ya mafuta, dereva wa gari dogo anaruhusiwa kuwa nacho karibu kila mahali. Jimbo la Virginia na mji mkuu Washington ndiko kunakokatazwa. Magari makubwa ya biashara yamekatazwa na sheria ya nchi nzima. Kanada wameruhusu majimbo matatu ya magharibi, British Columbia, Alberta na Saskatchewan, kwingine ni kosa. Australia nako, inayoruhusu imebaki Western Australia peke yake. Madereva wa malori wanaoteremka hadi Afrika Kusini wajue kule ni marufuku. Uswisi hawataki hata kukisikia. Ujerumani dereva haruhusiwi kukitumia, na tangu 2020 sheria imetaja waziwazi na programu za simu; faini yuro 75 na pointi moja kwenye leseni. Wajanja wakasema simu itashikwa na abiria. Mwaka 2023 mahakama ya Karlsruhe ikasema hapana, ikiwa dereva ananufaika nayo, kosa ni la dereva. Makonda wetu wanaosoma magrupu ya WhatsApp kwa sauti wakiwa wamesimama mlangoni wangepata shida sana Karlsruhe.

Virginia ndiyo inayonichekesha kama fundi. Sheria yao haijali kama kidude kinawaka. Kukutwa nacho garini kunatosha, askari hahitaji kuthibitisha kwamba ulikuwa unakitumia. Njia ya kupona ni moja: kiwe hakina umeme na kiwe mahali ambapo dereva wala abiria hawakifikii upesi. Yaani kesi yako inaamuliwa na fyuzi! Halafu askari wa kule wana kifaa chao cha kugundua vigundua. Usicheke, kipo, na kinafanya kazi kwa kanuni ambayo kila fundi redio anaijua. Redio nzuri ya kupokea mawimbi huwa inatengeneza wimbi lake dogo ndani ili kuchanganya na linaloingia, na wimbi hilo huwa linavuja kidogo nje. Mtu mwenye sikio zuri zaidi anausikia mvujo huo. Watengenezaji wakaanza kuziba mivujo, polisi wakanunua masikio mapya, watengenezaji wakaziba tena. Mchezo huo umekula pesa za watu wengi kuliko faini zenyewe, hiyo ni rai yangu.

Uingereza ndiko nilikotaka tufike, kwa sababu sheria zetu nyingi zilitokea huko. Mwaka 1998 mahakama yao kuu iliamua kwamba kuwa na kigundua rada si kosa. Waendesha mashtaka walikuwa wanatumia sheria ya mambo ya redio ya mwaka 1949, iliyokataza kupokea ujumbe usiokuhusu. Mahakama ikaona mwale wa rada haubebi ujumbe wa mtu kwa mtu, ni wimbi tu, na huwezi kumshtaki mtu kwa kusikia kitu kisicho na maneno. Uamuzi huo mie unanikaa. Ukimwelekezea mtu wimbi, usimlaumu akihisi.

Lakini mgogoro ni wa zamani kuliko rada. Mwaka 1905 wenye magari wa London walianzisha chama chao, Automobile Association. Wakati huo kikomo kilikuwa maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, na polisi walikuwa wanajificha kwenye vichaka vya kando ya barabara wakiwa na saa za kupimia, wakihesabu gari linachukua muda gani kutoka alama hii hadi ile. Vichaka, ndiyo, halikuanzia Muheza. Chama kikaajiri vijana wa baiskeli wakae kabla ya mtego na kuwaonya madereva. Ikaenda mahakamani. Mwaka 1907, katika kesi iliyotokea Croydon, majaji walimwachia aliyeonya, kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba walioonywa walikuwa wamezidisha mwendo. Mwaka 1910 ikaja kesi nyingine, na safari hii ushahidi ulikuwepo: magari yalikuwa yanakimbia, yakaonywa, yakapunguza ndani ya mtego. Aliyeonya akatiwa hatiani kwa kumzuia polisi kutekeleza kazi yake.

Chama kilifanya nini? Vijana wake walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila dereva mwenye beji ya chama. Wakawaambia wanachama: kijana asipokupigia saluti, simama umuulize kwa nini. Basi. Mtego ukiwepo, kijana haonyi, hanyooshi mkono, hafanyi chochote. Anaacha tu kusalimia. Na hakuna jaji anayeweza kumfunga mtu kwa kunyima salamu. Wazungu waliona hiyo ni akili kubwa. Sisi watu wa Tanga hilo hatuhitaji kufundishwa: mtu wa mtaani kwako akikupita bila salamu, unajua lipo jambo.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu Kanuni yetu ya Adhabu nayo ina kosa lilelile, kumzuia askari kwa makusudi akiwa kazini. Ukitaka kujua dereva anaweza kuulizwa nini kuhusu tochi, anzia hapo, usianzie kwenye kiboksi. Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya 1973, Sura ya 168, inaangalia mwendo: kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, 80 kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Ukizidisha, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, inaingia kwenye mfumo kwa namba ya gari, na inakusubiri humo hata uhame mkoa. Anayekisikiliza tu kidude chake cha Kijapani hajarusha wimbi lolote kwa askari, hajaigusa tochi, hajamfumba macho mtu. Mie kama fundi hiyo ndiyo mipaka ninayoiangalia. Mteja akitaka kibaki, kinabaki. Ila namwambia akitoe kwenye kioo cha mbele, kwa sababu kinaziba macho, na kwa sababu trafiki akikiona mtaanza mazungumzo marefu juani, na kitu chenyewe hakijawahi kukusaidia.

Wenye mabasi nao huja kuuliza, na hao huwa nawashangaa zaidi. Basi la abiria lina mfumo wa kufuatiliwa wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, uitwao VTS, unaopeleka mwendo wa gari kwa wakubwa njia nzima, na ukivuka kikomo unapiga kelele ndani ya gari mpaka abiria wa kiti cha nyuma anasikia. Sasa unamficha nani? Trafiki mmoja wa kichakani hakuoni, lakini gari lako mwenyewe limeshakusema.

Kigundua ambacho kinafanya kazi Tanga kila mtu anacho tayari: swichi ya taa kubwa. Unatoka Segera, umeipita Hale, anayekuja mbele anakuwashia mara mbili, unajua. Hakuna leza inayomshinda dereva wa fuso aliyepita hapo dakika moja iliyopita. Marekani jambo hili limefika mahakamani. Katika mji wa Ellisville, jimbo la Missouri, dereva alikamatwa mwaka 2012 kwa kuwaonya wenzake kwa taa, na mwaka 2014 jaji wa shirikisho akauzuia mji huo usiendelee kuwakamata watu kwa hilo. Aliona kuwasha taa ni kusema, na kinachosemwa ni "fuata sheria". Kwetu sikushauri ufanye majaribio, kesi ya 1910 umeshaisoma. Ila nikiulizwa kipi bora barabarani, kiboksi au taa, nasema taa, tena bila kusita. Kiboksi kingefanya kazi kingemnusuru mmoja aliyekinunua. Taa zinapunguza mwendo wa msafara mzima, pamoja na wale wenye breki mbovu, na pale Muheza kwenye meza za machungwa, ambapo watoto wanavuka wakiwa na ndoo kichwani, sijali sana ni nani aliyewapunguza.

Nimeanza kuhubiri. Turudi kwenye biashara.

Mpwa wangu, kijana wa mtandao, aliniletea simu wiki za karibuni. "Mjomba, hivi vya kusikiliza ni vya kizamani. Kuna vya kuziba kabisa. Tunaagiza China, tunafunga nyuma ya grili, tochi ikipigwa haisomi." Akanionyesha na bei. Bei ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Hapo ndipo nilipomkalisha chini. Kusikiliza na kuziba ni vitu viwili, na nchi karibu zote, hata zile zinazoruhusu cha kwanza, cha pili zinakipiga marufuku au zina njia ya kukubana. Marekani serikali kuu inakataza vifaa vya kuvuruga rada, hata uwe jimbo gani. Uingereza, ambako kigundua ni halali, mwaka 2018 dereva mmoja wa Range Rover alifungwa miezi 8. Alikuwa amefunga kifaa cha kuvuruga leza, na kila akipita kamera ya polisi alikuwa anaionyesha kidole. Hawakumfunga kwa mwendo. Walimfunga kwa kuharibu mkondo wa haki, kosa ambalo huko halina faini ya kulipa ukaondoka. Kwetu, cha kuziba rada kinarusha mawimbi, na mawimbi Tanzania yana mwenyewe: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa anayetumia masafa. Cha kuziba leza hakirushi redio, lakini hicho kinaingia moja kwa moja kwenye kumzuia askari kwa makusudi. Utamwambia nini hakimu, kwamba kilijifunga chenyewe nyuma ya grili?

"Na aliyekifunga?" mpwa akauliza. Swali zuri. Aliyekifunga ana kibanda Ngamiani, kila mtu anakijua, na dereva akibanwa wa kwanza kutajwa ni fundi.

Kwa hiyo vya kuziba sifungi, hata uje na bahasha. Ukiwa nacho na unataka kukitoa, njoo, nitakutolea na waya zake zote nisiache kiraka. Cha Kijapani cha kusikiliza nakitoa bure ukiwa umekuja kwa redio. Usipokuja kwa redio tutaelewana. Wapo wanaotaka kibaki kwa ajili ya yule mama tu, wamemzoea, nami namwacha aendelee kuwatangazia milango ya benki.

Mpwa naye hela yake ameagizia kamera za kurudi nyuma. Zimefika, ziko kibandani, zinaingia Noah, Ist na Forester bila kukata waya hata mmoja. Bei tutaongea.